Shetani Akitajwa, Maswali Yasikome

(Haya ni maneno yaliyotolewa na idara yetu ya afya na maendeleo ya jamii mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili waliokutana Dodoma. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Tulipowaomba mtuletee mambo ambayo mngependa yazungumzwe safari hii, tulitegemea kukuta maji, mtama na mahitaji ya shule. Na kweli yamo. Lakini katika karatasi nyingi lilikuwemo jambo jingine ambalo halina nafasi yake katika fomu zetu. Wapo walioandika "mapepo shuleni". Wapo walioandika "Freemason na vijana". Wengine waliandika "ushirikina" tu, bila maelezo, kana kwamba tutaelewa wenyewe. Na kamati moja iliandika maneno manne: "Bibi wa macho mekundu."

Mmetuomba tuseme msimamo wetu. Tutausema, ila kwanza tuondoe hofu moja. Hatukuja hapa kuwaambia kwamba Shetani hayupo. Kila tunapobatiza, mbatizwa, au wazazi na wasimamizi wake, huulizwa kama wanamkataa Shetani na mambo yake yote, nao hujibu kwamba wanamkataa. Tunaomba mkumbuke jinsi swali lile linavyoulizwa. Kila mtu anamkataa Shetani katika maisha yake mwenyewe. Hakuna mahali katika ibada ile ambapo mhudumu anamgeukia msimamizi na kumwuliza ni jirani yupi mwenye Shetani.

Jina lenyewe nalo lina funzo. Neno shetani limetufikia kupitia Kiarabu, lakini katika Kiebrania cha Agano la Kale lina maana ya mpinzani, mshitaki anayesimama mbele ya baraza kumchongea mtu. Katika kitabu cha Ayubu ndiyo kazi anayoifanya: anamshitaki Ayubu mbele za Mungu. Watafsiri wa Kigiriki walitumia neno diabolos, yaani msingiziaji, na wataalamu wengi wa lugha wanaona kwamba hata Ibilisi wetu ametokana na neno hilo hilo. Kwa hiyo kijiji kinapokaa kikao cha kutafuta nani ana Shetani, vidole vikinyooshwa na ndoto zikiletwa kama ushahidi, hatuna budi kujiuliza kazi inayofanyika pale ni ya nani.

Tuanze na yule bibi, maana huyo ndiye aliyetusumbua zaidi.

Wengi wenu mnatoka Kongwa, Mpwapwa, Chamwino, Bahi, Kondoa na Manyoni. Hamhitaji kuelezwa tembe ni nyumba ya namna gani: paa la udongo, giza hata saa sita mchana, moto wa kupikia humo humo ndani. Kuni zikiadimika, hutumika mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Mwanamke aliyepika ugali katika moshi huo tangu usichana wake, akifika uzeeni atakuwa na macho ya rangi gani?

Juu ya moshi kuna vikope. Ugonjwa huu husababishwa na bakteria. Huenezwa na vidole, na khanga inayofuta nyuso za watoto watatu kwa zamu, na nzi wanaofuata majimaji ya macho na kamasi. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, madhara hujitokeza miaka mingi baadaye: ukope wa juu hujikunja, kope zikageukia ndani na kukwaruza jicho kila anapopepesa. Jicho huwa jekundu. Hutoa machozi bila kilio. Mwanga humwumiza, hivyo mgonjwa hukwepa jua, hukaa ndani kwenye giza, hutoka jioni, na akikutazama hufinya macho kama mtu mwenye hila. Sasa sikilizeni tena orodha hiyo kwa masikio ya kijiji kinachotafuta mchawi. Dalili zote za mgonjwa zimegeuka kuwa dalili za mwenye hatia.

Wanawake hupata ulemavu huu kuliko wanaume, kwa sababu ndio wanaobeba na kulea watoto tangu wakiwa wasichana wadogo, na watoto ndio wenye maambukizi. Yaani bibi huyu aliupata ugonjwa kwa kulea watoto, na leo anatuhumiwa kwamba anakula watoto. Tulipolitafakari hilo ofisini, hatukuwa na la kusema kwa muda.

Wilaya ya Kongwa inajulikana katika vitabu vya tiba vya dunia nzima kwa jambo hili. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani wamekuwa wakishirikiana na wataalamu wa Kitanzania katika vijiji vyake. Walipoanza, zaidi ya nusu ya watoto wadogo waliopimwa walikuwa na vikope. Mwaka 1995 walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kuwaosha watoto nyuso, kukienda pamoja na dawa ya macho, kunapunguza vikope vikali. Akina mama wengi walikuwa wakiamini kwamba kuosha uso kunakula maji mengi, na katika nchi yenye kiu kama yetu nani angewalaumu? Ilibidi waonyeshwe kwa vitendo kwamba kikombe kimoja kinatosha kuosha nyuso kadhaa. Kisha kuanzia mwaka 1999 Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kugawa vijijini dawa ya azithromaisini inayotolewa bure na mtengenezaji wake. Vikope vimepungua sana tangu wakati huo, lakini bibi wa leo ni mtoto wa miaka ile ambayo dawa haikuwepo. Kinachomfaa yeye ni operesheni ya kugeuza kope. Hufanywa kwa ganzi, haichukui muda mrefu, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hospitali ya Mvumi, si mbali na hapa tulipokaa, imekuwa ikitibu macho kwa miongo mingi.

Je, tunakuza mambo? Hapana. Takwimu zilizokusanywa na mtafiti wa Kitanzania Simeon Mesaki zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa sababu za tuhuma za uchawi, na wanawake walikuwa wengi zaidi ya wanaume. Usukumani ndiko kulikoumia zaidi. Mtafiti mwingine, mwanauchumi Edward Miguel, alichunguza vijiji vya wilaya ya Meatu na mwaka 2005 akachapisha alichokiona. Katika miaka ya ukame au mafuriko makubwa, mauaji ya "wachawi" yalikaribia kuwa maradufu ya miaka ya kawaida. Waliouawa walikuwa hasa wanawake wazee wa kaya maskini, na mara nyingi mkono wa ndugu ulikuwemo.

Tafadhali litafakarini hilo mkiwa watu wa uwanda huu wa kati. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mwaka mzima tunapata milimita 500 na ushei tukijaliwa. Ghala likiwa tupu mwezi wa Februari, kila mdomo ndani ya nyumba unahesabiwa. Mdomo wa mzee asiyelima unahesabiwa mara mbili. Hapo ndipo mtu huanza kukumbuka kwamba macho ya bibi hayajawahi kumpendeza.

Wazee wetu wa Ugogo hawakuwa malaika. Tuhuma za uchawi zilikuwepo hata zamani. Lakini walikuwa pia na desturi nyingine ambayo mtafiti Peter Rigby aliishuhudia na kuiandika katika miaka ya 1960. Mambo yalipokwenda vibaya, kwa mfano ng'ombe walipougua, wanawake walichukua mavazi na silaha za wanaume, wakachunga ng'ombe, wakacheza ngoma hadi mpaka wa magharibi wa nchi yao, na huko wakautupa ule ubaya nje, majini. Hatuwaombi mrudie matambiko. Tunataka mwone kitu kimoja tu: ubaya ulionekana kuwa wa wote, ukabebwa na wote, ukatupwa mbali. Katika shughuli ile hapakuhitajika bibi wa kuchomewa nyumba.

Na yule wa maneno manne? Kamati ile ilifanya jambo la busara. Kabla ya kusubiri jibu letu iliwatuma akina mama wawili wakakae naye, wamtazame macho karibu, kwenye mwanga. Kope zilikuwa zimegeuka, macho yote mawili. Ameshafanyiwa operesheni. Maumivu yamekwisha, ingawa jicho moja halioni tena na wekundu haukutoka wote. Tungependa kuwaambia kwamba majirani wamemwomba radhi. Bado. Mkwewe hadi leo hawaruhusu watoto kulala kwa bibi yao. Lakini Jumapili anakuja kanisani, na ameketi benchi la mbele, kwa sababu wale akina mama wawili wamelishikilia benchi hilo na hawaondoki.

Jambo la pili ni kifafa. Hapa tutaongea na wenzetu wa vikundi vya maombi, na tunaomba watusikie vizuri.

Mtoto anaanguka, anakakamaa, anatoa povu, macho yanageuka juu. Anayemwona kwa mara ya kwanza hawezi kulaumiwa akisema amepandwa na pepo. Hata degedege ya malaria, kwa jina lake tu, wengi waliidhania ni ndege au kitu cha angani kilichompitia mtoto, wakampeleka kwa mganga huku malaria ikipanda kichwani. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960 baada ya kukuta wagonjwa wanaogopwa kama wenye pepo, wametengwa, wengine wana makovu makubwa ya moto. Watu waliamini kwamba povu linaambukiza. Mtoto akiangukia jikoni, hakuna aliyethubutu kumshika. Tunaomba mlielewe jambo hilo: kilichowaunguza watoto wale ni moto na hofu ya waliosimama pembeni. Utafiti uliofanyika wilaya ya Ulanga mwaka 1989 ulikuta karibu watu 10 kati ya kila 1,000 wana kifafa. Pigeni hesabu ya vijiji vyenu wenyewe, hata mkikata nusu.

Katika Injili ya Marko, sura ya 9, baba analeta mtoto mwenye dalili hizo hizo, hata kuangukia motoni na majini. Kabla ya kufanya lolote Bwana anamwuliza baba yule ni tangu lini mtoto amekuwa hivi. Ni swali la kwanza la daktari yeyote wa zahanati. Sisi tunaomba kwamba yeyote anayeweka mikono juu ya mtoto wa namna hiyo aanze na swali hilo, na jibu lake liandikwe kwenye daftari liende kliniki pamoja na mtoto. Sala hatuizuii, nasi wenyewe tunasali. Tunachokataa ni sala inayomnyang'anya mgonjwa vidonge. Mtu aliyezoea dawa ya kifafa akiiacha ghafla ili aonyeshe imani, degedege huweza kumrudia kwa nguvu kuliko mwanzo, na wapo wanaokufa. Hali kadhalika kwa wagonjwa wa akili. Hospitali ya Mirembe iko hapa hapa Dodoma, watu wanaletwa kutoka pembe zote za nchi, na sisi majirani tunaitaja kwa utani kama tusi. Utani huo unatugharimu, maana mgonjwa wetu huchelewa kufika kwa kuona aibu ya geti lile.

Tuongeze neno kuhusu nguruwe. Sababu mojawapo ya kifafa kwa watu wazima ni mayai ya tegu wa nguruwe. Mtu mwenye tegu akijisaidia porini, nguruwe anayezurura hula kinyesi, nyama yake hupata malengelenge, na asiyeipika vizuri hupata tegu naye. Mayai ya tegu yakiingia kinywani kwa mikono michafu au maji machafu, huweza kusafiri hadi kwenye ubongo. Watafiti wamelifuatilia jambo hili katika wilaya ya Mbulu, na hata Kongwa nguruwe wenye malengelenge wamepatikana. Katika Injili mapepo yalitoka kwa mtu yakaingia kwa nguruwe. Kwetu safari ni ya kurudi. Ndiyo maana, ndugu wafadhili, mkiona katika taarifa yetu vyoo na mabanda ya nguruwe vimewekwa kwenye kazi za mapambano dhidi ya ushirikina, msidhani mhasibu amechanganya mafungu.

Kuhusu mapepo shuleni. Wasichana wanaanguka na kupiga mayowe, mmoja, kisha watano, kisha bweni zima. Si jambo jipya. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, siku shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Madaktari wawili waliochunguza, Rankin na Philip, hawakuona sumu wala maambukizi. Walioitafakari habari ile baadaye wengi wanaona ni akili za vijana waliobanwa mno. Wasichana wale hawakuwa wakiigiza, na wa kwetu hawaigizi. Basi lifanyike nini? Watenganishwe kwa upole, wapumzike, wapate maji, wasizungukwe na umati. Halafu kamati iulize maswali ya kawaida: chakula kikoje, wanalala wangapi kitanda kimoja, mtihani gani unakuja, na je, kuna mwalimu wanayemwogopa kwa sababu ambazo hawajathubutu kuzisema? Swali hilo la mwisho msilikwepe.

Wenzetu wa Kenya walilipitia hili kwa ukubwa. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya Shetani, ikaongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti yake ikafika Bungeni mwaka 1999. Katika miaka hiyo vurugu na mioto ya mashuleni ilihusishwa mara nyingi na waabudu Shetani. Lakini mwezi Machi 1998 bweni la wasichana la Bombolulu, wilaya ya Kwale, lilipoungua na wasichana 26 wakafa, lililowazuia kutoka lilikuwa mlango uliofungwa na madirisha yenye nondo. Nondo zinahesabika. Ufunguo una mtu anayeushika. Ukimtaja Shetani mapema mno, hakuna atakayeulizwa ufunguo ulikuwa kwa nani.

Hilo ndilo tunaloliona kila mahali. Shetani akitajwa, maswali hukoma.

Freemason tutapita haraka, ingawa tunajua vijana wangependa tukae hapo mchana kutwa. Kipo chama cha jina hilo, kina majengo, na aliyekuwa kiongozi wake Afrika Mashariki kwa miaka mingi, Sir Andy Chande, hakujificha. Alikulia Bukene, wilaya ya Nzega, na jina la Bukene alilitia katika kichwa cha kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2005. Familia yake ilikuwa na vinu vya nafaka. Vilipotaifishwa mwaka 1967 alibaki akakabidhiwa kuliendesha Shirika la Usagishaji la Taifa. Alifariki mwaka 2017. Mtu anaweza kuwa na hoja za kidini dhidi ya chama hicho, na makanisa kadhaa wanazo. Lakini utajiri wa vinu una hesabu zake, na hauhitaji joka la kulinda fedha chini ya kitanda.

Video nazo zimechangia. Tangu miaka ya 1990 filamu za Nigeria zimetuonyesha Shetani mwenye gari zuri na jumba la ghorofa, anayedai damu ya ndugu. Mwaka 2011 marehemu Steven Kanumba alicheza filamu ya Devil Kingdom pamoja na Mnigeria Ramsey Nouah. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, uvumi wa mitaani ukaunganisha kifo na filamu. Mahakama ilikishughulikia kifo kile kama kifo kingine chochote, kwa mashahidi na taarifa za daktari, lakini uvumi haukusubiri. Na kwenye uvumi hakukosi mtu wa kuvuna. Mmeona matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo: jiunge na Freemason, piga namba hii, upate mamilioni. Kijana wa bodaboda aliyebanwa na marejesho ya mkopo anapiga. Anaambiwa atume ada ya fomu, kisha ada ya "kafara", kisha namba haipatikani. Tumewahi kuletewa watatu wa namna hiyo. Wote waliona aibu kwenda polisi, kwa sababu wangelazimika kusema walikuwa wakitafuta nini. Wa namna hiyo msiwahubirie kwanza. Waulizeni wanadaiwa na nani, shilingi ngapi.

Sasa upande ambao ni mzito zaidi. Kuna wakati nyuma ya habari za kishetani upo uhalifu wa kweli. Wazee wa Singida watakumbuka simulizi za watu-simba. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watu waliuawa Unyaturu kwa namna ya kuonekana kama wameraruliwa na simba. Wengi waliamini ni watu waliogeuzwa wanyama. Serikali ya kikoloni ilikamata wahusika, mahakama zikasikiliza, na wapo walionyongwa. Nyuma ya simba walikuwepo watu, visasi na malipo. Vivyo hivyo katika mauaji ya wenzetu wenye ualbino, yaliyotutia aibu mbele ya dunia kuanzia karibu mwaka 2007. Waliodai viungo vinaleta utajiri walikuwa waganga wenye wateja, wateja wenye fedha, na watekelezaji waliomjua mtoto kwa jina. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa na machozi Bungeni, hapa hapa Dodoma, akizungumzia mauaji hayo. Mwezi Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu iliwahukumu watu watatu kunyongwa, hukumu ya kwanza ya namna hiyo. Mauaji yalipungua lakini hayakuisha: mwaka 2024 mtoto mdogo aliuawa wilayani Muleba. Anayesema "ni nguvu za giza" anamsaidia muuaji, hata kama hakukusudia, kwa kuwa nguvu za giza haziwezi kutiwa pingu.

Tunafika kwenye fedha, na hapa tunasema na kamati moja kwa moja. Huko Kigoma, Rukwa na Katavi kuna makundi yanayoitwa kamchape, kwingine lambalamba, ambayo hualikwa vijijini kufichua wachawi. Kaya huchangishwa. Wageni hao huingia nyumba kwa nyumba, huchimba, hutoa vitu walivyokuja navyo wenyewe mikononi, na wakiondoka huacha nyumba zilizobomolewa na wazee waliokimbilia porini. Mchango wa namna hiyo usipite kwenye kitabu cha parokia, hata kwa jina la "ulinzi wa kijiji", hata kama mwenyekiti wa kijiji ameridhia. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na ambayo ingali katika vitabu vyetu, inamhesabu kuwa mkosaji anayemtaja mwenzake kuwa mchawi kinyume na utaratibu. Mjumbe wa kamati anayesimama mkutanoni na kutaja jina la bibi fulani amevunja sheria, na siku bibi huyo akidhurika ataulizwa.

Msimamo wetu basi ni huu. Kamati ikiletewa neno lolote la Shetani, pepo au uchawi, iwapeleke watu wawili, mmoja wao awe mwanamke, kwa yule anayetajwa, kabla ya kikao chochote. Watazame macho. Waulize tangu lini. Waulize nani anadai shamba, nani anadai fedha, nani amefiwa. Wakikuta ugonjwa, watupigie sisi au zahanati. Wakikuta jinai, wapige polisi usiku huo huo. Wakikuta mtu yuko hatarini, alale kwa katekista au nyumba ya mapadre mpaka mambo yatulie, na gharama za chakula chake ziletwe ofisini. Tutalipa, kwa risiti au bila risiti. Mhasibu wetu yuko hapa, amesikia, na ameinamisha kichwa.

Kwa wafadhili, ombi letu ni nauli. Operesheni zenyewe mara nyingi hupatikana bila malipo kambi za macho zinapopita, lakini bibi aliye kilomita 60 kutoka barabara ya lami hafiki kwenye kambi kwa miguu akiwa haoni, na hawezi kusafiri bila mtu wa kumshika mkono. Kwa hiyo kila mgonjwa ni nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi. Vidonge vya kifafa ni vya bei nafuu, ila vinahitajika kila mwezi, bila kukosa hata mmoja, kwa miaka.

Fomu za majina ya wenye kope zilizogeuka ziko kwenye meza ya nyuma. Majina yaandikwe kwa kalamu ya wino, pamoja na kijiji na jina la mtu atakayemsindikiza. Safu ya "sababu ya ugonjwa" tumeifuta, kwa maana safari iliyopita fomu tatu zilirudi zimeandikwa "amerogwa" na mbili "amerithi uchawi wa mama yake". Sasa tuchukue maswali. Tumeona mkono wa Manyoni kule nyuma, kisha mama wa Bahi.